Ubao wa Masika

Kumfundisha binti yangu piano kumenigharimu hivi: mbuzi jike mmoja, madumu mawili ya mawese, samaki wa kukausha kutoka Kyavinyonge ziwani ambao ukiwapanga kichwa kwa mkia wangetoka mlangoni kwangu hadi kanisani, na Jumamosi zangu zote za soko kwa miaka mitatu. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza iliniuma, na ya pili ikathibitisha kwamba ya kwanza haikukosea. Na kwa gharama hiyo yote, nyumbani kwetu hamna piano. Mna ubao. Urefu wake ni kama wa mlango wa banda la kuku, umechorwa meno meupe na meusi, na ukiubonyeza hausemi kitu. Sasa kuna mama mmoja wa upande wa Eringeti aliyenipigia simu kusema kwamba ubao huo ni wake, na anakuja kuuchukua.

Nitamfikia. Kwanza lazima nimweleze yule aliyenipa, maana bila yeye mtaniona mwizi. Sokoni nimeitwa mengi, lakini mwizi bado.

Sote tulimwita Mwalimu. Butembo ina walimu wengi kuliko barabara nzuri, lakini ukisema "Mwalimu" huku ukichezesha vidole hewani, hata muuza makaa angekuonyesha mlango wake, chumba cha matofali nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Padri alipomuuliza kwa nini anawapa wale wengine siku sita na Kanisa lake saa moja ya misa, alijibu, "Padiri, Mungu iko pande zote mbili. Piano iko pande moja."

Alivaa koti zito la sufi. Hapa kwetu juu milimani, penye ukungu wa asubuhi, hakuna wa kumcheka. Lakini wanafunzi wake wa zamani wananiambia alilivaa hivyohivyo alipokuwa akifundisha Beni, kwenye joto la kuivisha ndizi. Mifuko ya koti hilo ilikuwa na nyembe, chaki, na maracuja moja, lile tunda la pasheni. Nyembe zilikuwa za kukata kucha za watoto kabla ya somo. Hakuamini kucha iliyokatwa na mzazi. Maracuja ilikuwa ya kuwafundisha umbo la mkono. Mtoto alikishika kitunda hicho kiganjani, kisha kinaondolewa, na mkono unabaki umejikunja vilevile, kama unakisubiri. Mwisho wa juma Mwalimu alikila. Hakikuwahi kupewa mwanafunzi bora wala mwanafunzi yeyote.

Piano yenyewe iliachwa na wamisionari wa zamani. Mafundi huenda wana jina lao la vile vibao vya kubonyeza, lakini Mwalimu aliviita meno, nasi tukasema meno. Yalikuwa themanini na manane. Niliyahesabu siku ya kwanza kabla ya kumwacha Kavira wangu pale, nikayahesabu tena kutoka upande wa pili, nikayabonyeza. Kumi na matatu yalikuwa bubu. Nikamwambia Mwalimu kwamba bei ishuke kwa meno kumi na matatu.

"Mama Kavira," akasema, "wewe ukiuzisha samaki, unaondoshaka bei ya mifupa?"

Nikalipa. Si wengi walionishinda bei mjini hapa, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo bila kuinua kichwa kutoka kwenye kucha za mtoto.

Piano moja, watoto zaidi ya ishirini. Ndiyo maana ya ubao. Kila mtoto alikuwa na wake, uliotengenezwa na seremala na kuchorwa na Mwalimu mwenyewe, meno ya saizi ileile ya piano ya kweli. Jumamosi mtoto anakaa kwenye piano muda mfupi, anasikia kazi yake ya juma lile, basi. Siku zote nyingine anapiga ubao nyumbani, bila sauti. Na hapo ndipo Mwalimu alipotutia kamba sisi wazazi, kwa sheria yake moja: mtoto hagusi piano Jumamosi mpaka mzazi wake asimame mbele ya wote na kushuhudia kwamba jioni zile alikaa naye kwenye ubao na kusikia.

"Ulisikia?" anauliza Mwalimu.

"Nilisikia," unajibu.

Unasikia nini kwenye ubao? Hilo nililiuliza moyoni, nikaona ni upuuzi wa mzee, na Jumamosi ya pili nikasema "Nilisikia" kwa sauti safi ya mtu ambaye jioni zote alikuwa anapanga samaki upande wa pili wa ukuta.

"Bon. Ilikuwa mbio ao polepole?"

"Polepole."

"Piga makofi, tusikie."

Nikapiga. Mikono yangu inajua mwendo mmoja tu, wa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Watoto wakaanguka kwa kicheko, na mama wa watoto pacha aliyekaa benchi moja nami akajifuta machozi na kitenge chake, mwongo yule, ambaye hata yeye hakuwa amekaa na wake.

"Hii iko sombe," akasema Mwalimu, "na haiyaiva. Kavira, rudi nyumbani na mama yako."

Kavira alilia kutoka kanisani hadi chini ya kilima. Tangu siku ile nilikaa. Nilileta karai la samaki karibu na ubao, nikawa nachambua huku nasikiliza ncha za vidole zikigonga mti. Mwanzoni ni kelele za panya. Baadaye unaanza kujua. Unajua pale anapoogopa, kwa sababu vidole vinapunguza mwendo kabla ya kufika. Unajua pale anapodanganya. Siku moja nilimwambia, "Hapo umeruka kitu," na mtoto akanitazama kama nimesoma mawazo yake. Sikuwa nimejua hata sauti moja ya wimbo ule.

Mwalimu alihesabu kila kitu, na kwa hilo tungeweza kuwa ndugu, ila yeye alihesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha akarudi moja. Mimi katika biashara yangu, anayefika nne akarudi moja amefilisika. Aliamini kwamba hesabu haisimami kwa sababu yoyote. Wanafunzi wa Beni wanasimulia kwamba risasi zilipolia upande wa barabara ya kaskazini, aliwalaza wote sakafuni, naye akalala kati yao na koti lake, akaendelea kuhesabu kwa sauti, na wale waliokuwa na mbao zao walitakiwa kuendelea kupiga huku wamelala. Mmoja aliacha, akawa analia. "Sababu gani unaacha?" Mwalimu akamuuliza. "Benye bunduki banapiga yabo. Wewe piga yako."

Kuna waliosema hapo alikuwa shujaa. Mimi naona alikuwa anaogopa na hakujua njia nyingine ya kuogopa.

Hakuwa mtu mpole, nisije nikawadanganya. Alichukia kelele na alipiga kelele kuliko wote. Aliwaambia watoto maskini na watoto wa wenye maduka kwamba vidole havina baba, kisha akawapa watoto wa wenye maduka zamu za asubuhi, kabla jasho halijafanya meno ya piano yateleze. Na matangani hakupiga, hata kwa kulipwa. Kwa mji huu, ambako matanga hayakosekani, huko kulikuwa kukataa mkate. "Mufu hapana fanya repetisyo," alisema, yaani maiti hafanyi mazoezi, na ukisisitiza anakufungia mlango.

Lakini nilimwona mara moja, siku ambayo habari zilikuja kwamba watu wameuawa tena mashambani upande wa Beni. Ilikuwa habari kama zile nyingine: idadi kwanza, majina baadaye, na siku ya tatu idadi inapanda. Nilipita kumletea mawese. Alikuwa amekaa mbele ya piano na kifuniko kimefungwa, anapiga juu ya kifuniko. Vidole vyote kumi, bila sauti, muda mrefu. Niliweka dumu chini nikaondoka. Nilijua wimbo si wa kanisa. Hapo nilikuwa nimeshaanza kusikia.

Sasa ubao.

Kwa Mwalimu ubao haukuwa mali ya mtu. Mtoto akiacha, ubao unakwenda kwa anayefuata juma lilelile. Unalipa, lakini unalipia zamu yako tu, na chini yake jina lako linachongwa kwa msumari chini ya majina ya waliokutangulia. "Mbao yenye kulala inakufa," alisema. Alipokimbia Beni kuja Butembo, watu wengine kwenye lori walipakia magodoro, yeye alipakia mbao.

Nilipokwenda kumtafutia Kavira wake, mpya ulikuwa dola ishirini. Nikaona mmoja chini ya kitanda, umefungwa kwenye kanga. Nikauvuta.

"Ile hapana," akasema.

"Kila kitu kiko na bei, Mwalimu."

"Ile iko ya mutoto mwenye alikufa. Masika. Batu hawaitake."

"Alikufa na mbao mukononi?"

"Hapana. Shambani. Na nkuku yake. Balikuwa banavuna kakao, pale Eringeti."

Nkuku ni bibi, kwa Kinande chetu. Nikaugeuza ubao. Chini lilikuwa jina moja tu, Masika, limechongwa kwa herufi kubwa zilizopinda. Upande wa juu rangi ilikuwa imelika mahali fulani tu, si kote. Mti ulikuwa mzuri, mkavu, usio na ufa. Nikasema kile ambacho mtu wa biashara angesema.

"Basi mbao haina kosa. Punguza."

Alinitazama mpaka nikaanza kupanga kanga upya bila sababu. Kisha akasema, "Leta samaki. Kifungu moja. Beba, wende nayo."

Kifungu kimoja cha samaki kwa ubao wa dola ishirini. Njiani nilijipongeza mara mbili. Jirani alipoona jina chini alifanya ishara ya msalaba, akaniambia nimeingiza matanga nyumbani. Nikamwambia matanga hayahitaji ubao ili kuingia, yanajua njia.

Ni Kavira aliyegundua. Pale rangi ilipolika, alisema, vidole vinapenda kwenda penyewe. Kama njia ya mbuzi kwenye nyasi. Alimwambia Mwalimu, na Jumamosi iliyofuata Mwalimu akamketisha kwenye piano, akamfundisha wimbo ambao hakumfundisha mtoto mwingine. Si wa kanisa na si wa redio. Mkono wa kushoto unatembea kama mtu aliyebeba mzigo, na wa kuume unamzunguka kama mtoto anayemkimbilia mbele na kurudi. Kila juma kipande kidogo. Siku moja wimbo ukafika mahali pazuri, mkono wa kuume umepanda juu, Mwalimu akasema, "Inaishia hapa."

"Mwalimu, haiyaisha," Kavira akasema.

"Inaishia hapa."

Nikaingilia, maana nilikuwa nimelipa wimbo mzima. Nilimwambia hata mimi muuza samaki nasikia kwamba huyo mtoto ameachwa amesimama na mguu mmoja hewani.

"Ndiyo," akasema Mwalimu. "Ni vile."

Basi kwa mwaka mzima mwanangu alipiga wimbo uliokatika, kwenye ubao jioni na kwenye piano Jumamosi, na kila alipofika pale aliondoa mikono yake na kuiweka mapajani, na mimi kwenye karai langu nilikuwa nasubiri kinachofuata ingawa nilijua hakifuati.

Mwaka jana Mwalimu alirudi Beni. Alisema anataka kuzeeka karibu na piano yenye meno yote. Tulimwambia usalama si mzuri. Akasema hata Butembo usalama una meno kumi na matatu bubu. Miezi michache baadaye tukasikia amepigwa na ugonjwa, upande mmoja wa mwili umelala. Kavira alibaki na ubao, na piano ya kanisa siku ambazo mchungaji alikuwa na roho nzuri.

Kisha simu ile.

"Ni mama Kavira? Miye ni mama Masika. Mwalimu amenipatia namba yako." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye amekopa simu na mwenye simu amesimama karibu. "Nalikuwa Alimbongo kwa ndugu, miaka hii yote. Sasa narudi. Mbao ya mutoto wangu, iko na wewe?"

Nina majibu ya kila mteja. Kwa huyo lilitoka moja tu. "Iko," nikasema.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Wasingya," akashukuru. "Jumamosi ya juma lenye kuja nitafika kuibeba."

Nilimwambia Kavira nitamnunulia mpya, dola ishirini, na hata sitapunguza bei. Kwa kinywa changu hilo ni kama kiapo. Ana miaka kumi na mmoja, na hakulia. Aliugeuza ubao akatazama chini yake, ambako jina lake liko chini ya lile lingine. "Mama," akasema, "ile mupya haijue kitu."

Nikapanda gari kwenda Beni, na samaki ili safari isiwe hasara, na hasira ya kumpa Mwalimu.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya piano yake yenye meno yote, amevaa koti, joto limejaa chumbani. Mkono wa kuume ulikuwa gotini, umejikunja kidogo. Ulikuwa bado umeshika maracuja isiyokuwepo. Mkono wa kushoto ulikuwa unatembea peke yake kwenye piano, polepole, na nilijua mara moja ni wimbo gani. Ni ule mzigo bila mtoto.

"Uliniuzishia kitu ya mutu," nikasema kabla ya salamu.

"Na wewe ulipunguza bei," akasema. Maneno yake yalikuwa yanavutika upande. "Keti, mama Kavira. Unanuka barabara."

Nikaketi. Akaniambia kwa vipande, akipumzika. Masika alikuwa anakuja Beni na mama yake kila Jumamosi, siku ya kuuza kakao. Mama anashuhudia mbele ya wote, anamwacha mtoto kwa Mwalimu, anakimbia kwa wanunuzi, maana bei ya kakao haimsubiri mtu. Jioni wanarudi Eringeti na ubao kichwani. Wimbo ule Mwalimu alimtungia mtoto yule, kipande kwa kipande. Baada ya mauaji mama alifika kwa miguu na watu wengine waliokimbia. Wengine walibeba sufuria, yeye alibeba ubao. Akauweka mlangoni na kusema, "Uniwekee. Nitarudi." Akaendelea na safari.

"Na ukauuza."

"Nilikaa nayo mwaka. Nililala juu yake. Mbao yenye kulala inakufa, nilisemaka vile kwa batu bote. Halafu wewe unakuja na samaki. Ulikuwa mutu wa kwanza mwenye hakuogopa ile jina."

"Sikuogopa kwa sababu ilikuwa rahisi."

"Najua. Nilikuona."

Nikamwuliza kuhusu mwisho wa wimbo. Nilisema kama lazima tupoteze ubao, angalau Kavira apewe alichobakiziwa. Mwalimu akautazama mkono wake wa kuume kama unavyomtazama mdeni aliyefilisika.

"Mwisho nilimupatia Masika Jumamosi ya mwisho. Alienda nayo nyumbani, akaipiga juma nzima. Miye nilikataa kuifundisha tena. Nilisema, iko yake, abakie nayo. Sasa natafuta, hapana. Ilikuwa mu huu mukono."

"Basi imeisha kupotea."

"Hapana." Akatabasamu na upande ule mmoja uliobaki. "Mama yake alikuwa anakaa naye kila jioni. Ile mama hakukuwa kama wewe, hakusema uongo hata siku moja. Makofi yake yalikuwa safi. Aliona vidole mpaka mwisho."

Nikaanza kuelewa, na nilipoelewa, samaki wangu, safari yangu na hasira yangu vyote vilishuka bei.

"Lakini piano yenyewe, mama Masika aliisikiaka siku gani?" nikauliza.

"Siku gani? Jumamosi alikuwa kwa kakao." Mkono wa kushoto ukabonyeza jino moja, ukaliachia. "Ule wimbo anaujua wote. Hajausikia hata mara moja."

Nilimwachia samaki. Sikutaja bei, naye kwa mara ya kwanza hakuuliza. Nilipofika mlangoni alisema, "Mama Kavira. Ulisikia?"

"Nilisikia, Mwalimu."

Hakuniambia nipige makofi.

Na hapo ndipo nilipo. Mama Masika anafika Jumamosi. Nimeshaongea na mchungaji kuhusu ufunguo wa chumba cha piano, na Kavira ameshapaka upya rangi ya pembeni mwa ubao, si pale palipolika, pale amepaacha. Nimehesabu pande zote mbili, mara mbili, na hesabu haifungi. Nikimpa ubao kwanza, anaufunga kwenye kanga na kupanda gari, na hiyo ni haki yake, lakini wimbo utabaki umekatika kwetu, na yeye atakufa hajausikia. Nikimpeleka kwenye piano kwanza, Kavira atampigia, na mama yule atasikia kwa mara ya kwanza kitu alichokiangalia jioni zote zile, hadi pale mkono wa kuume unapopanda juu. Kisha mwanangu ataondoa mikono yake na kuiweka mapajani. Mbele ya mama huyo, mahali pale pale alipokatikia wa kwake. Labda atainuka aonyeshe vidole vilikwenda wapi baada ya hapo. Labda ataanguka. Mimi siwezi kununua kitu nisichojua bei yake, na hii hata si bei yangu ya kulipa.

Nyinyi mliozaa, na nyinyi mliozika, nishaurini kabla ya Jumamosi: nimfungulie kwanza mlango upi, wa nyumba yangu ulipo ubao, au ule wa chumba cha piano?